Kicheko cha Jumanne

Mimi hulinda magodoro. Usiniulize nani huiba godoro;
niliuliza, nikaambiwa tia sahihi hapa.
Lango langu liko Barabara ya Lusaka, mkabala na bohari
lililokuwa la sabuni, na ambalo tangu Februari
limekuwa hospitali, benki, jikoni, mbinguni,
kutegemea siku.

Hapo ndipo wanapotengeneza "Stima Imerudi".

Wengine wanaijua kwa dakika ishirini na tano za Ijumaa.
Mimi naijua kwa mbao zake.
Najua mbingu ni plaiwudi ya samawati upande mmoja,
na upande wa pili kituo cha polisi.
Najua mbuzi wa kipindi cha tatu alikodiwa Kiamaiko
kwa sharti arudi mzima,
na kwamba alitafuna ukurasa wa nne wa maandishi,
wakaona mzaha umenoga zaidi bila huo ukurasa.
Najua Nekesa, yule mama mwenye nyumba,
hutapika kabla ya kila mchezo, kwa adabu, nyuma ya jenereta,
kisha husukutua, huniambia "Pole na zamu, baba,"
akaingia kuvunja watu mbavu.

Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita.
Humo mna nani kafika, nani kachelewa, taa zilizima saa ngapi,
na sentensi moja iliyoruka ukuta mara kumi na nne:
KODI si dhambi.
Kodi SI dhambi.
Kodi si DHAMBI.
Kwamboka, mke wangu, alidhani ni daftari la madeni.
Alilisoma hadi usiku wa manane, akasema:
afadhali yangekuwa madeni.

Jumanne moja mvua ikafunga watu majumbani.
Mueni, mwongozaji, akavuka barabara na kofia ya nailoni:
"Nina viti arobaini na watu kumi na wanane. Unajua kucheka?"
Nikamwachia Mosoti lango.
Nikaketi safu ya pili na sare yangu,
sabuni ya zamani ikinukia ukutani,
na Olwenyi alipoinama kumwamkia mama mkwe
wigi lake likatumbukia kwenye chai.
Halikuwemo kwenye maandishi, hilo nalijua mimi.
Akaliopoa. Akalikamua. Akalivaa.
"Sukari kidogo," akasema.

Nilicheka kicheko nisichokijua ninacho:
kilianza kama pampu ya ploti inayovuta hewa tupu,
ikakohoa,
halafu ikapata maji.

Ijumaa tulibanana mbele ya runinga, Mukuru, sisi na majirani.
Wigi halikutokea. Lilikatwa.
Kulikuwa na soja amelala langoni,
wezi wanang'oa lango lenyewe, wanalibeba taratibu,
mmoja anarudi kumfunika blanketi asipate baridi,
na hapo, pampu, hewa, kikohozi, maji.
"Baba! Huyo ni wewe!"
Nyumba nzima ilicheka. Mimi nilikuwa nimeshacheka, Jumanne.

Mosoti akapiga simu: umetucheka, ndugu?
Nikamwambia nilichekea wigi.
Wigi gani, akauliza.

Nilifungua daftari, nikatafuta tarehe, nikaandika pembeni:
*saa nne na dakika kumi, wigi, chai, shahidi ni mimi.*
Kalamu ilitoboa karatasi.

Wiki jana Mueni alikuja langoni. Wanaandika msimu wa pili.
Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Ijumaa ile, makali, yamenyooka.
Akaniwahi: "Baba, soja wetu alilala vizuri?"

Nikasema hapana.
Soja halali chali. Hulala ameketi,
kamba ya buti imefungwa kwenye komeo,
ili lango likisogea, mguu ndio uamke kwanza.
Na tochi huwashwa, ielekee barabarani,
waone mwanga wadhani kuna mtu.

Nikangoja acheke.
Hakucheka.
Alikuwa anaandika.